Marehemu Anapodaiwa Pansio Iliyozidi: Famili Ifanye Nini?

Mazishini kwetu, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa famili husimama na kutangaza: kama kuna mtu ambaye marehemu alikuwa na deni lake, aje aone famili. Ni desturi nzuri. Jirani anakuja na daftari la duka, fundi anakuja na hesabu ya mabati, na wazee wanakaa pamoja kusikiliza. Lakini kuna mdai mmoja ambaye hafiki makaburini. Huyu anakuja miezi mingi baadaye, kwa barua yenye muhuri. Barua inasema kwamba baba, au mama, alilipwa pansio kupita haki yake, na kwamba pesa hizo zirudishwe.

Katika makanisa yetu ya mashariki wako wajane na watoto wa walimu, wauguzi, wafanyakazi wa makampuni ya zamani na watumishi wa Leta. Barua ya namna hii inaweza kufika kwa yeyote kati yao. Inaweza kutoka CNSS, ile tuliyoizoea kwa jina la INSS, inayoshughulika na wafanyakazi wa makampuni na mashirika. Inaweza kutoka CNSSAP, kasha lililoundwa mwaka 2015 kwa ajili ya watumishi wa Leta. Inaweza pia kutoka kwenye benki iliyopitisha malipo, au kwa mwajiri wa zamani. Ndani yake mara nyingi utakuta neno la Kifaransa trop-perçu, maana yake pesa iliyopokelewa kupita haki.

Nimeona famili zikifanya makosa mawili. Wengine wanashikwa na hofu, wanauza kiwanja upesi kwa bei ya hasara, kisha wanagundua kwamba deni halikuwa kubwa kiasi kile. Wengine wanachana barua na kusema, mfu hadaiwi. Njia zote mbili zinaumiza, na anayeumia zaidi ni mjane. Makala hii inataka kuonyesha njia ya tatu: kutambua deni ni la nani, kuomba uthibitisho, kulipa kilicho cha kweli kutoka mali aliyoiacha marehemu, na kumlinda mjane na watoto katika hayo yote.

Kwanza, tenganisha madeni mawili

Hapa ndipo famili nyingi zinapotea. Barua inaweza kuweka pesa zote katika hesabu moja, lakini ndani yake mna vitu viwili visivyofanana.

Kitu cha kwanza ni pesa iliyozidi wakati marehemu alikuwa angali hai. Pengine biro ilikosea hesabu. Pengine aliendelea kupokea nyongeza ya mtoto ambaye alikuwa amekwisha kupita umri. Pengine miaka ya kazi iliandikwa vibaya. Hili, kama limethibitishwa, ni deni la marehemu mwenyewe. Linalipwa kutoka katika mali aliyoiacha.

Kitu cha pili ni pesa iliyoendelea kuingia baada ya kifo. Pansio ya mtu inakoma anapokufa. Ikiwa biro haikujulishwa, malipo yanaweza kuendelea kuingia katika konti mwezi baada ya mwezi. Pesa hiyo haikuwa ya marehemu, kwa maana alikuwa amekwisha kuondoka. Kwa hiyo haikuingia katika urithi, na warithi hawawezi kuigawana. Ikiwa bado iko katika konti, inarudi ilikotoka. Ikiwa mtu aliitoa kwa kadi ya marehemu, yule aliyeitoa ndiye anayepaswa kujibu, si mjane aliyekuwa akiomboleza chumbani bila kujua kadi iko wapi.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza mbele ya barua ni tarehe. Malipo gani yalifanyika kabla ya siku ya kifo, na malipo gani yalifanyika baada yake?

Sheria ya nchi yetu inasema nini

Hatuhitaji kuwa mawakili, lakini kuna mambo machache ambayo kila shemasi anapaswa kuyajua.

Jambo la kwanza linatoka katika sheria ya mikataba na madeni, amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika. Inasema kwamba anayepokea kitu kisicho haki yake, hata kwa makosa, anapaswa kukirudisha kwa aliyemlipa. Inatofautisha pia aliyepokea kwa moyo safi na aliyepokea huku akijua. Huyu wa pili anaweza kudaiwa pamoja na faida ya pesa hiyo.

Jambo la pili linatoka katika sheria hiyo hiyo: anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Muhuri peke yake si uthibitisho. Biro inapaswa kuonyesha ilimlipa nani, lini, kiasi gani, na kwa nini haikuwa haki yake.

Jambo la tatu linatoka katika Sheria ya Famili ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Mtu anapokufa, warithi hawapokei mali peke yake. Haki na madeni yake vinakwenda pamoja. Ndiyo sababu sheria inataka awepo msimamizi wa urithi, likidateri. Kama marehemu hakuacha wosia unaomtaja mtu, kazi hiyo inamwangukia mrithi aliye mkubwa kwa umri, au yule ambaye warithi wanamchagua ikiwa mkubwa amekataa. Kazi yake ni kutafuta kama kuna wosia, kujua warithi ni nani, kutunza mali, kulipa madeni yaliyofika wakati wake, na mwishoni kugawa kinachobaki. Angalieni mpangilio huo: madeni kwanza, mgawanyo baadaye.

Jambo la nne linahusu mgawanyo wenyewe. Watoto wa marehemu ndio kundi la kwanza, nao wanapokea robo tatu za urithi. Mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake wa kuzaliwa nao wamo katika kundi la pili, linaloshiriki robo inayobaki. Baba wadogo na shangazi ni kundi la tatu. Kwa hiyo mjomba au baba mdogo anayekuja siku ya arobaini kuchukua pikipiki na mabati, wakati watoto wapo na madeni hayajahesabiwa, anavunja sheria. Deni likija baadaye, mali ya kulilipa itakuwa imekwisha kutawanyika, na mzigo utabaki juu ya mama.

Jambo la tano: ugomvi wa urithi unapelekwa kwenye mahakama ya amani, Tribunal de Paix. Sheria ya mwaka 2013 juu ya mpango wa mahakama iliipa kazi ya kusikiliza mabishano ya famili na ya urithi.

Barua ikifika: hatua kwa hatua

1. Msijibu kwa mdomo, na msilipe siku hiyo. Andikeni tarehe mliyoipokea na jina la aliyeileta. Ikiwa mtu amekuja nyumbani akidai kuwa wakala wa kasha fulani, mwombeni kadi ya kazi na barua ya kumtuma. Msimpe pesa mkononi, wala karatasi ya kiwanja, wala matabishi ili "dosie ilale". Dosie iliyolazwa kwa matabishi huamka tena, na safari hiyo hamtakuwa na risiti.

2. Iteni baraza la famili. Mjane awepo na asikilizwe, si kuambiwa baadaye. Tambueni ni nani likidateri. Fanyeni maandishi ya kikao na watu watie sahihi. Biro nyingi na benki zitaomba pia karatasi ya mahakama inayomthibitisha, kwa hiyo ni vema kuitafuta mapema.

3. Tafuteni karatasi. Muhimu kuliko zote ni hati ya kifo kutoka biro ya état civil, maana ndiyo inayoweka mpaka kati ya yale madeni mawili. Ongezeni namba ya marehemu katika kasha, barua ya kumpa pansio, na hati ya ndoa. Ombeni benki ionyeshe malipo yote yaliyoingia na kutoka katika konti.

4. Andikeni barua ya kuomba maelezo. Iandikwe kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya biro. Mwalimu wa kanisa anaweza kusaidia. Haikatai deni wala haikubali. Inasema tu: "Tumepokea barua yenu ya tarehe fulani. Ndugu yetu alifariki tarehe fulani, hati ya kifo iko pamoja na barua hii. Tunaomba orodha ya malipo mnayodai, mwezi kwa mwezi, sababu ya kila kiasi, na kifungu cha sheria mnachotumia. Tunaomba pia mtenganishe malipo ya kabla na ya baada ya kifo. Mpaka tupate jibu, famili haijagawa urithi."

5. Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki biro, ya pili inarudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri huo, kesho watasema hamkujibu.

6. Msitie sahihi karatasi ya kukubali deni kwa jina lenu binafsi. Hili nalisema kwa mkazo. Mjane akitia sahihi "mimi fulani nakubali kudaiwa", deni la marehemu limekuwa lake. Ikiwa lazima kutia sahihi, likidateri atie kwa niaba ya urithi wa marehemu fulani, na maneno hayo yaandikwe wazi juu ya karatasi.

7. Deni likithibitika, lipeni kwa njia inayoacha alama: katika konti ya kasha lenyewe, na risiti yenye jina la marehemu na namba ya dosie. Kama mali haitoshi kulipa mara moja, ombeni kwa maandishi kulipa kidogo kidogo. Hata mbele ya mahakama, ile sheria ya 1888 inamruhusu zuzi kumpa mdaiwa muda kwa kuangalia hali yake. Mkimaliza, ombeni karatasi inayosema kwamba deni limekwisha.

Vita vimevuruga mengi ya haya. Wako waliozika njiani wakikimbia, bila hati yoyote. Muda wa kutangaza kifo ukiwa umepita, njia ni kuomba mahakamani hukumu ya kujazia, jugement supplétif, na kuja na mashahidi waliokuwepo. Mchungaji aliyezika anaweza kuwa mmoja wao. Wako pia wasioweza kufika benki. Huko Goma benki zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025. Kama karatasi haipatikani kwa sababu hiyo, andikeni hivyo hivyo katika barua yenu, tunzeni nakala, na msiache kimya kijibu mahali penu.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano. Mwalimu mstaafu alikuwa akipokea faranga 200 000 kwa mwezi. Amekufa mwezi wa tatu. Mwaka unaofuata barua inafika ikidai faranga 1 500 000. Famili inaomba maelezo na kupata orodha: miezi sita ya pansio iliyolipwa baada ya kifo, yaani 1 200 000, na nyongeza ya 50 000 kwa mwezi kwa miezi sita ya mwisho ya maisha yake, yaani 300 000.

Karatasi ya benki inaonyesha kwamba miezi miwili kati ya ile sita haijaguswa. Faranga 400 000 ziko katika konti, na zinarudishwa bila mabishano. Zinabaki 800 000 zilizotolewa kwa kadi. Mtoto mkubwa anakiri kwamba yeye ndiye aliyezitoa. Katika hizo, 500 000 zililipa deni la jeneza na chakula cha matanga, na famili yote inajua. Zile 300 000 alizitumia katika biashara yake.

Sasa famili inaweza kusema kweli. Mbele ya kasha, aliyetoa pesa ndiye anayejibu kwa 800 000 zote. Lakini ndani ya famili, gharama ya mazishi ni mzigo wa urithi, kwa hiyo ni haki wamrudishie mtoto 500 000 kutoka mali ya baba, na zile 300 000 azibebe mwenyewe. Ile nyongeza ya 300 000 ya wakati wa uhai, kama biro imeonyesha kwamba haikuwa haki, inalipwa kutoka urithi. Kama haikuonyesha, famili inaendelea kuomba uthibitisho.

Mjane katika hesabu hii hajatajwa mahali popote kama mdaiwa kwa jina lake. Barua iliyofika ilimtaja yeye kwa 1 500 000. Hiyo ndiyo tofauti kati ya famili iliyokaa chini na kuhesabu na famili iliyokimbia kuuza kiwanja.

Kilicho cha mjane si cha urithi

Kabla ya kulipa deni kutoka mali ya marehemu, jueni kwanza mali ya marehemu ni ipi. Watu waliofunga ndoa bila kuchagua mpango wa mali wanahesabiwa na sheria kwamba walichagua ushirika wa vile walivyopata pamoja ndani ya ndoa. Mmoja akifa, sehemu ya mwenzake katika vitu hivyo inatengwa kwanza. Inabaki kuwa yake. Hairithi, kwa sababu ilikuwa yake tangu mwanzo. Deni lililofanywa kwa ajili ya nyumba linaweza kuwagusa wote wawili, lakini kiwanja kizima hakiwezi kuhesabiwa tu kama cha marehemu.

Kuna haki nyingine ambayo famili nyingi zinaisahau kwa sababu ya hofu. Sheria ya usalama wa jamii ya tarehe 15 Julai 2016, inayoongoza CNSS, inatambua pansio ya waliobaki: mjane au mgane, na watoto waliokuwa chini ya ulezi wa marehemu. Pansio hii wanaipata kwa haki yao wenyewe. Si kitu cha kugawana na wajomba. Kwa hiyo siku mnapopeleka hati ya kifo ili kusimamisha pansio ya marehemu, ulizeni siku hiyo hiyo karatasi zinazohitajika kwa pansio ya waliobaki. Nimewajua watoto walioficha kifo cha baba ili waendelee kupata pansio yake kwa siri, na kwa kuficha huko mama yao akakosa kuomba iliyokuwa haki yake waziwazi.

Mjane wa 2 Wafalme 4

Maandiko yanaijua hali hii. Katika 2 Wafalme 4:1-7 mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia Elisha. Mume wake alimcha Mungu, lakini amekufa akiwa na deni, na mdai anakuja kuchukua wana wake wawili wawe watumwa.

Angalieni mambo ambayo Elisha hafanyi. Hasemi kwamba deni halipo kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa Mungu. Wala hamwambii mama atoe watoto kwa sababu deni ni deni. Anamwuliza kuna nini nyumbani. Hiyo ni orodha ya mali. Anamtuma kwa majirani kuazima vyombo. Hiyo ni kazi ya jumuiya. Anamwambia afunge mlango, yeye na wanawe. Shida ya mjane haikuwekwa kuwa onyesho la mtaa. Na mafuta yalipopatikana, agizo lilikuwa na mpangilio: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki.

Muujiza ulilipa deni, na muujiza ulibakiza chakula. Mungu hakuona ugomvi kati ya kumlipa mdai na kumlisha mjane. Nasi tusiuone. Paulo katika Waroma 13 anatutaka tumpe kila mtu haki yake, na katika haki hizo anataja kodi na ushuru. Sheria ya Musa katika Kutoka 22 inakataza kumtesa mjane na yatima. Maneno haya mawili yametoka kinywani mwa Mungu mmoja. Famili inayorudisha pesa isiyo yake inamtii. Kanisa linalosimama kati ya mjane na mtu anayetaka kumnyang'anya kiwanja kwa jina la deni linamtii pia.

Wako wanaoniambia: "Mchungaji, Leta yenyewe ilimdai baba miaka ya mishahara, sasa sisi turudishe nini?" Naelewa uchungu huo, maana wengi wetu tumeuishi. Kama Leta au mwajiri alibaki na deni kwa marehemu, deni hilo nalo ni sehemu ya urithi. Liandikeni, litafutieni karatasi, na mlidai kwa jina la urithi katika barua ile ile. Lakini kulidai wazi ni jambo moja, na kujilipa gizani kwa kadi ya mfu ni jambo lingine. Zakayo alipokutana na Yesu hakuanza kuhesabu waliomkosea yeye. Alianza na kilichokuwa mkononi mwake.

Kazi ya kanisa, na kosa letu

Kila kanisa la mahali linaweza kuchagua mashemasi wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuwasindikiza wafiwa katika mambo ya karatasi. Wanakwenda na mjane biro, wanasoma barua pamoja naye, wanaandika majibu. Hawashiki pesa yake wala karatasi za asili, wanatunza nakala. Wanayoyasikia hayageuki kuwa mfano wa mahubiri ya Jumapili. Mchungaji si zuzi wa urithi. Akiitwa, awakumbushe watu kweli na amani, na panapokuwa na ugomvi mgumu awaelekeze kwa wakili au mahakamani.

Sasa neno kwa wachungaji wenzangu. Makasha ya pansio yanaomba mara kwa mara uthibitisho kwamba mstaafu angali hai. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinijia na karatasi, akaniomba nitie sahihi na muhuri wa kanisa kwamba baba yake yuko hai lakini ni mgonjwa, hawezi kutembea. Baba huyo nilikuwa nimemzika mwenyewe. Kijana hakuwa mwizi wa kawaida. Alikuwa na wadogo wanne shuleni, na mwezi wa kulipa ulikuwa umefika. Sikutia sahihi. Lakini nakiri pia kwamba nilimfukuza kwa maneno makali, nikajisikia mtu mwenye haki, na sikuuliza wale wadogo wanne watasoma kwa nini. Baadaye nilijifunza kwamba mama yao angeweza kuomba pansio ya waliobaki. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na mimi niliyekuwa na kinywa cha kumwambia nilikitumia kukemea tu. Kukataa uongo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kutembea nao mpaka biro.

Kabla ya kifo

Wazee wetu wapendwa, mnaweza kuwaondolea watoto mzigo huu mkiwa hai. Wekeni mahali pamoja namba yenu ya kasha, barua ya pansio, hati ya ndoa na za kuzaliwa kwa watoto. Mwambieni mwenzi wa ndoa au mtoto mmoja mwaminifu zilipo. Andikeni orodha ya mnachodaiwa na mnachodai. Mtoto akipita umri wa kupata nyongeza, au hali nyingine ikibadilika, julisheni biro kwa maandishi na mtunze nakala. Kadi ya benki na namba yake ya siri isizunguke kati ya vijana wa nyumba.

Nanyi watoto, baba au mama akifariki, tangazeni kifo état civil mapema, kisha mpeleke nakala kwa kasha na kwa benki. Pesa ikiendelea kuingia, iacheni pale ilipo. Haitawasaidia kama mnavyofikiri, na siku itakapodaiwa itakuwa imekwisha kuliwa.

Tunapowazika wapendwa wetu tunawakabidhi mikononi mwa Mungu, ambaye hesabu zake hazikosei. Zilizobaki kwetu ni hesabu ndogo za dunia hii. Tuzifanye kwa mikono safi na kwa macho yanayomwangalia mjane. Bwana awatie nguvu wote wanaoomboleza kati yenu, na awape ndugu wa kweli wa kukaa nao siku barua inapofika.